Siku Moja ya Urais: Tarehe 20 Januari 1964

Mtu atokaye kambi ya Lugalo kwenda mjini Dar es Salaam kwa Barabara Mpya ya Bagamoyo hupita Mwenge, kisha huiacha Sinza upande wa kuume, nyuma ya Kijitonyama, kabla hajafika Morocco. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles walitoka katika kambi hiyo wakaelekea mjini kwa malori, baada ya kuwatia kizuizini maofisa wao Waingereza. Mwendo wao ulikuwa wa maili nane hivi. Kulipopambazuka walikuwa wamekwisha kushika sehemu za maana za mji, na wenzao wengine walikuwa wamefika Ikulu wakimtaka Rais. Rais hakuwapo.

Atakaye kuijua siku hiyo kwa kuwauliza wenyeji wa upande huu wa mji hatapata mengi. Sinza ya leo, iliyohesabiwa katika Kinondoni hata Wilaya ya Ubungo ilipoundwa, ni mtaa uliopimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliosaidiwa na fedha za Benki ya Dunia. Wakazi wake walikuja kutoka mitaa mingine na mikoani. Usiku ule wa 1964 hapakuwa na safu za nyumba ambazo watu wangeweza kuchungulia madirishani mwake. Mzee wa Magomeni au wa Kariakoo anaweza kusema alichokiona kwa macho yake. Mzee wa Sinza aghalabu atasimulia alichokiona akiwa kwingine, au alichokisikia. Basi kwa habari ya njia ile na saa zile, mtafiti hana budi kwenda kwenye karatasi.

Kuijenga upya siku moja ya mtawala kwa karatasi za serikali si kazi ngeni. Siku ya kawaida ya Rais huacha nyayo nyingi: orodha ya wageni waliomwona, kumbukumbu za Baraza la Mawaziri, barua zilizotiwa namba, pembizo zilizoandikwa kwa wino na waziri mmoja kumjibu mwingine. Mfano ulio karibu ni tarehe 7 Januari 1964, siku kumi na tatu tu kabla ya maasi. Siku hiyo Rais Julius Nyerere alitoa waraka wa kukomesha upendeleo wa rangi katika kuajiri na kupandisha vyeo watumishi wa serikali, ili kila raia wa Tanganyika apimwe kwa uwezo wake. Waraka una tarehe, una sahihi, una waliopelekewa. Mtu aweza kuushika mkononi akabishana nao. Askari wa Tanganyika Rifles, waliokuwa wakingoja kuona Waafrika wakiwa maofisa mahali pa Waingereza, hawakuupokea kwa furaha. Wala haikuwasaidia kwamba askari wa cheo cha chini alipata shilingi 105 kwa mwezi hali walitaka 260.

Siku ya tarehe 20 haifanani na hiyo. Serikali ilikuwapo, lakini kalamu ya mkuu wake ilikuwa imetulia. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, waliondolewa Ikulu na watu wa usalama kabla askari hawajawafikia, na saa zilizofuata hawakuwa na karani, wala mezani pao hapakuwa na jalada. Na hapa ndipo ulipo ugumu wa siku hii, tena ndipo ulipo uzuri wake kwa mwanafunzi wa historia: karibu kila kilichoandikwa saa ile ile juu ya Rais wa Tanganyika kiliandikwa na mtu ambaye hakumwona. Waliokuwa na kalamu mkononi walikuwa wajumbe wa serikali za kigeni, na wao waliandika kwa wakubwa wao, kwa haja zao, wakiwa ndani ya mji wasioweza kutembea ndani yake kwa uhuru.

Majalada ya Uingereza ya mwaka 1964 yalifunguliwa kwa wasomaji mwanzoni mwa 1995, kwa sheria ya miaka thelathini iliyopitishwa huko 1967. Yamo katika hifadhi ya Kew, London, hasa katika karatasi za wizara iliyoshughulikia nchi za Jumuiya ya Madola na zile za Waziri Mkuu. Wamarekani wamechapa baadhi ya zao katika mabuku ya serikali yao. Tanganyika yenyewe ilianzisha hifadhi yake ya taifa mwaka 1963, ikaitungia sheria mwaka 1965. Nyumba yake ipo Upanga, na sheria inayoitawala sasa, ya mwaka 2002, nayo inataja miaka thelathini. Lakini sheria ya kufungua jalada haiwezi kufungua jalada ambalo halikuandikwa. Ndiyo sababu msomi wa Dar es Salaam hujikuta akisafiri hadi ukingo wa mto Thames kutafuta habari za tukio lililotokea mwendo wa nusu saa kutoka chumbani kwake.

Akifika huko hukutana kwanza na mambo madogo yanayopoteza watu wakubwa. La kwanza ni majina. Atafutaye Lugalo katika karatasi za 1964 hataiona, maana kambi iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa mapigano ya mwaka 1941 huko Uhabeshi ambako kikosi cha sita cha King's African Rifles kilijipatia sifa. Jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891, lilikuja baada ya jeshi la zamani kuvunjwa. Vivyo hivyo atafutaye Muhimbili lazima aulizie Hospitali ya Princess Margaret. Faharasa haimhurumii mtu asiyejua majina ya zamani.

La pili ni saa, nalo ni zito zaidi. Maasi yalianza kati ya saa saba na saa nane za usiku. Askari aliyetoa ushahidi kwa Kiswahili husema saa nane; mfasiri asiye mwangalifu humwandika kwa tarakimu nane, na mara usiku wa manane umekuwa asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai. Telegramu nazo hutiwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa tatu, hata telegramu yenye alama ya 0530 iliandikwa mjini saa mbili u nusu asubuhi. Ile iliyotumwa mchana saa sita kwenda Washington ilimkuta aliyepelekewa angali kitandani, saa kumi za alfajiri. Asiyelinganisha saa hizo kwanza atapanga majibu kabla ya maswali, na atawasingizia watu kujua jambo ambalo wakati huo halikuwa limewafikia. Mashitaka mengi ya hila katika historia hayana msingi zaidi ya saa iliyosomwa vibaya.

Saa zikiisha kupangwa, siku yenyewe huanza kuonekana. Katikati yake amesimama Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Yeye hakufichwa. Alikutana na askari, akaenda nao hadi Colito, akajadiliana nao wakiwa na bunduki mikononi, na siku hiyo hiyo maofisa wa Kiingereza wakapakiwa ndege kwenda Nairobi. Kisha akasema na wananchi kwa redio. Kwa muda wa siku moja, kwa hesabu ya yeyote aliyekuwa akisikiliza redio mjini, serikali ya Tanganyika ilikuwa sauti ya mtu mmoja, naye hakuwa Rais.

Jambo hilo lilikuja kuwa na bei yake. Mwaka 1967 Kambona alijiuzulu, akaenda kuishi Uingereza, asirudi hata mwaka 1992. Alifariki mwaka 1997. Tangu ugomvi ule, tarehe 20 Januari haikusimuliwa tena kwa utulivu. Waliompenda walimfanya mwokozi aliyebaki peke yake wakati wakuu wake walipojificha. Waliomchukia walisoma katika ujasiri wake dalili ya tamaa. Masimulizi yote mawili yanaijua miaka iliyofuata. Karatasi ya siku ile, hata ikiwa imeandikwa na mgeni asiyependa nchi, haijui. Mwandishi wa telegramu ya Januari 1964 hakuweza kumpendelea wala kumwonea Kambona kwa sababu ya 1967. Thamani ya karatasi ya siku yenyewe ni hiyo hasa. Ukweli wake ni habari nyingine, na hupimwa mstari kwa mstari. Mwenye kumbukumbu ya miaka hamsini ni shahidi wa kweli mara nyingi, ila amekaa na ushahidi wake katika nyumba yenye watu wengi.

Hata hivyo karatasi za Uingereza zina ujanja wao wa kimya kimya, na mtafiti asiyejihadhari huanza kuiona siku kwa macho ya Aden. Siku ile ile ya tarehe 20 manowari Centaur ilikuwa huko ikitayarishwa kuwachukua makomando wa kikosi cha 45 pamoja na helikopta. Ombi la Nyerere la kutaka msaada wa askari wa Kiingereza lilitolewa tarehe 24, baada ya Tabora kuasi tarehe 21 na baada ya Jinja kuwaka moto wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo siku moja ina sura mbili: Dar es Salaam waziri anajadiliana, Aden meli inapakia. Majalada ya London huziunganisha sura hizo kana kwamba moja ilielekea nyingine tangu mwanzo. Mtu wa Ikulu hakuwa na habari hiyo ya mwisho. Usiku wa Jumatatu hapakuwa na yeyote Tanganyika aliyejua kwamba alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25, helikopta zingeshuka Colito na Brigedia Patrick Sholto Douglas angewaita askari wake wa zamani kwa kipaza sauti ili wajisalimishe.

Inabaki sehemu ya siku ambayo hakuna telegramu iliyoifikia. Rais na Makamu wake walivuka maji kwenda Kigamboni, upande uliokuja kuwa wa Temeke na baadaye ukawa wilaya yenyewe, wakakaa huko katika nyumba ya kawaida. Kwa miaka mingi vitabu vya wageni vilimweka Rais mahali pengine mbalimbali, kila mwandishi na maficho yake. Habari ya Kigamboni ilipata nguvu kwa vinywa vya waliokuwapo, na Peter Bwimbo, mlinzi mkuu wa Nyerere, aliiandika katika kitabu cha kumbukumbu zake. Hapa kanuni inageuka: pale ambapo karatasi ya siku yenyewe haina kitu, kumbukumbu ya mlinzi ndiyo hati iliyobaki, na itasomwa kama hati, kwa kuiuliza maswali yale yale ambayo telegramu huulizwa. Alikuwa amesimama wapi? Alijua saa ngapi? Alikuwa na sababu gani ya kunyamaza miaka yote hiyo? Swali la mwisho ni jepesi kujibiwa, kwa kuwa kazi ya mlinzi ni kunyamaza. Jeshi nalo lilichapa historia yake ya maasi mwaka 1993, ikatumia sana masimulizi ya watu, na ni kitabu kinachofaa kuwekwa kando ya majalada ya Kew ili kila upande umsahihishe mwenzake.

Je, Rais alikimbia? Swali hili limewaumiza watu, na limeulizwa kwa ukali na wasiopenda kujibiwa. Mpango wa saa unalipunguza makali. Karibu askari polisi 300 walikuwa wamekwisha kupelekwa Zanzibar baada ya mapinduzi ya tarehe 12, mji ukabaki na ulinzi mdogo. Jeshi lilikuwa moja, nalo ndilo lililoasi. Ikulu haikuwa na nguvu ya kuirudisha nyuma hata lori moja. Walioasi walimtaka Rais, na kama wangempata wangempa karatasi ya kutia sahihi huku mtutu umeelekezwa kwake. Kuvuka kwenda Kigamboni kuliwanyima karatasi hiyo. Kimya cha jalada la Rais kwa siku ile, kikisomwa hivyo, chaweza kuhesabiwa kuwa ni tendo la serikali, ijapokuwa hakina muhuri. Tarehe 21 alisema na taifa kwa redio, na tarehe 22 alizunguka mjini watu wakamwona.

Lakini siku ya urais haikuisha Ikulu na Kigamboni. Huko Kariakoo na Magomeni maduka yalivunjwa, hasa ya Waasia na Waarabu, na watu zaidi ya kumi wakafa kabla ya jioni. Hawa hawakuandikiwa telegramu zenye majina. Katika karatasi za mabalozi wamo kama hesabu, na hesabu yenyewe hubadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Pa kuwatafuta ni katika maandishi manyonge ambayo wanaotafuta habari za marais hawayafungui: madaftari ya vituo vya polisi, kumbukumbu za mahakama juu ya waliokamatwa na mali za watu, madai ya wenye maduka, na vitabu vya kupokea majeruhi vya Princess Margaret, ambamo karani wa zamu, asiyejua Rais alipo, aliandika jina, umri, mtaa na jeraha, kisha akamwita anayefuata.