Shahada ya saikolojia: chuo kinajuaje kwamba mwanafunzi amejifunza?

Mzazi anayeuza mahindi au ng'ombe ili kulipa ada hatarajii mwanawe arudi na cheti tu. Anatarajia arudi akiwa anaweza kufanya jambo ambalo zamani hakuliweza. Katika saikolojia, yaani elimu ya akili, hisia na mwenendo wa binadamu, swali hili ni zito, kwa sababu mhitimu anaweza kupewa kazi ya kuhudumia watoto, wagonjwa au familia zilizofiwa. Katika makala haya tunaeleza namna vyuo vinavyopima walichojifunza wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwa nini alama za mtihani peke yake hazitoshi.

Matokeo ya kujifunza ni nini?

Ni maelezo ya kile ambacho mhitimu anapaswa kukiweza. "Kufundisha takwimu" ni kazi ya mhadhiri. "Mhitimu aweze kusoma jedwali la utafiti na kueleza maana yake kwa lugha nyepesi" ni matokeo ya kujifunza, maana mtu anaweza kukaa na mwanafunzi akaona kama analiweza au halimudu.

Nchini Marekani, Chama cha Wanasaikolojia, kifupi APA, kilitoa mwaka 2013 toleo la pili la mwongozo wa shahada ya kwanza. Lina malengo matano: maarifa ya msingi ya saikolojia, uchunguzi wa kisayansi na fikra tunduizi, maadili na wajibu kwa jamii, mawasiliano, na maandalizi ya kazi. Toleo la tatu lilifuata mwaka 2023. Hapa Tanzania, ubora wa programu za vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

Kwa nini alama hazitoshi?

Alama ya B katika somo ni mchanganyiko wa majaribio, kazi za kikundi na mtihani wa mwisho. Wanafunzi wawili wanaweza kupata B ileile, mmoja akiwa hodari wa nadharia lakini hawezi kuandika ripoti, mwingine kinyume chake. Alama hiyo haituambii nani amekwama wapi. Tena alama humpima mwanafunzi mmoja mmoja, wakati tathmini ya matokeo huipima programu yenyewe.

Hupimwa vipi?

Kuna njia za moja kwa moja, ambapo kazi ya mwanafunzi ndiyo inayokaguliwa: andiko la utafiti la mwaka wa mwisho, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, au mtihani uleule unaotolewa mwanzoni na mwishoni mwa masomo. Wahadhiri wawili husahihisha kazi ileile kwa vigezo walivyokubaliana, kisha hulinganisha. Njia zisizo za moja kwa moja ni kama kuwauliza wahitimu na waajiri maoni yao. Hizi husaidia, ila mtu anaweza kuridhika na somo bila kulielewa.

Chukua mfano wa fikra tunduizi. Mwanafunzi anaambiwa: "Watoto wanaokunywa uji shuleni wanafaulu zaidi. Je, uji ndio sababu?" Aliyejifunza hakimbilii kusema ndiyo. Atauliza kama shule zenye uji ndizo pia zenye walimu wa kutosha, au wazazi wenye uwezo wa kuchangia.

Mfano wa maadili: mjomba anayemlipia binti ada anamfuata mshauri, anataka kujua binti alisema nini faraghani. Mjomba ana heshima zake, na kijijini wote wanajuana. Mwanafunzi anaeleza atamjibu vipi bila kumvunjia heshima na bila kutoa siri. Mtihani wa kuchagua jibu sahihi hauwezi kuonyesha hilo vizuri.

Baada ya kupima

Tuseme kati ya wanafunzi 60 wa mwaka wa mwisho, 40 wamesema uji ndio sababu. Hapo tatizo si uvivu wa mtu mmoja. Idara inapaswa kurudi kwenye mtaala: somo la utafiti linafundishwa mwaka gani, mazoezi yapo mangapi? Hubadilisha, kisha hupima tena kundi linalofuata. Takwimu zikifungiwa kabatini, kazi yote imekuwa bure.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua chuo

- Mhitimu wa programu hii anatakiwa aweze kufanya nini?
- Mnalijuaje hilo, mbali na mitihani?
- Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na nani humsimamia mwanafunzi?
- Mmebadilisha nini katika ufundishaji baada ya tathmini iliyopita?

Mzazi ana haki ya kuuliza hayo, hata kama yeye mwenyewe hakufika chuo. Ukijibiwa kwa idadi ya waliofaulu tu, uliza tena.