Ubingwa wa Terry Griffiths ulianzia kwenye snuka ya ridhaa

Aprili 1979, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, aliyekuwa wakala wa bima kutoka Llanelli, Wales, alimshinda Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini kwa fremu 24 kwa 16 na kuwa bingwa wa dunia wa snuka. Terry Griffiths alikuwa na umri wa miaka 31, mke na watoto wawili, na hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja tangu aingie kwenye mchezo wa kulipwa. Taji hilo lilimpa pauni 10,000, na tangu hapo kisa chake husimuliwa kama muujiza: mtu asiyejulikana kaibuka kusikojulikana, kawapita wakongwe, kabeba kombe. Ni kisa kitamu, lakini hakimtendei haki. Griffiths hakuibuka ghafla. Alichelewa kupata mlango wa kuingilia, na kilichoonekana Sheffield kwa zile siku kumi na ushee kilikuwa kimeandaliwa kwa miaka mingi katika snuka ya ridhaa, ambayo enzi hizo ilikuwa shule kamili kuliko wengi wanavyodhani leo.

Kwanza tuuangalie mlango wenyewe. Baada ya mwaka 1957 mashindano ya ubingwa wa dunia kwa wachezaji wa kulipwa yalisimama kwa kukosa watazamaji na fedha. Yalipofufuliwa mwaka 1964 hayakuwa mashindano ya mtoano. Bingwa, John Pulman, alikuwa akitetea taji lake dhidi ya mpinzani mmoja mmoja, na alilishikilia hadi 1968. Wakati huo huo vilabu vya wafanyakazi huko Wales na kaskazini mwa England vilikuwa na meza, vilikuwa na ligi, na vilikuwa na watu waliotoka kazini jioni na kucheza hadi usiku wa manane. Ray Reardon, aliyefanya kazi mgodini na baadaye polisi, alitwaa ubingwa wa ridhaa wa England mwaka 1964 kwa kumshinda John Spencer. Spencer naye akautwaa mwaka 1966. Wote wawili waliingia kwenye snuka ya kulipwa mwaka 1967. Mtoano uliporejeshwa mwaka 1969 Spencer alikuwa bingwa wa dunia kwa jaribio lake la kwanza; Reardon alifuata mwaka 1970, na hadi 1978 alikuwa na mataji 6. Watu hawa hawakujifunzia ubingwa kwenye mchezo wa kulipwa, maana kwa miaka mingi mchezo huo ulikuwapo kwa jina tu. Walikuja nao.

Griffiths alipita njia hiyohiyo. Kabla ya bima alikuwa mchimba makaa ya mawe, kondakta wa basi, kisha mgawa barua. Mwaka 1975 alikuwa bingwa wa ridhaa wa Wales, na mwaka 1977 akatwaa ubingwa wa ridhaa wa England. Mwaka uliofuata aliutetea kwa kumshinda Joe Johnson, yule yule ambaye mwaka 1986 angekuwa bingwa wa dunia. Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji hulipita haraka: fainali hizo za ridhaa zilikuwa za kuwania kufikisha fremu 13, sawasawa na mechi ya raundi ya kwanza pale Crucible. Mtu aliyewahi kukaa kitini kwa saa nyingi akimtazama mpinzani anafuta meza, kisha akasimama na kuanza upya, alikuwa ameshafanya mtihani wenyewe kabla ya kuitwa mtahiniwa. Alipojiunga na wachezaji wa kulipwa mwaka 1978 alibadilisha daraja tu. Mchezo aliokwenda nao ulikuwa uleule.

Mwenye shaka ana hoja nzuri ya kunikabili nayo. Mechi yake ya kwanza ya kulipwa, ya kufuzu mashindano ya ubingwa wa Uingereza mwaka 1978, aliipoteza. Alikuwa akiongoza 8 kwa 2 dhidi ya Rex Williams, akihitaji fremu moja tu, akafungwa 9 kwa 8. Kama ridhaa ilikuwa shule kamili, mbona mhitimu wake alivunjika kiasi hicho? Sikatai kwamba ilikuwa aibu kubwa. Lakini itazame mechi kwa makini. Mgeni asiye na uwezo hafikishi fremu 8 dhidi ya mbili za Williams, mchezaji aliyekuwa kwenye mchezo wa kulipwa tangu 1951. Uwezo ulikuwapo, kilichokosekana ni mazoea ya kumaliza kazi mbele ya jina kubwa, na hicho ndicho pekee ambacho ridhaa isingeweza kumpa. Alikipata kwa miezi michache. Uwezo wenyewe usingepatikana kwa miezi michache.

Na alikipata kwelikweli. Ili kufika Crucible ilimbidi afuzu kwa kuwatoa Bernard Bennett na Jim Meadowcroft. Kisha akamtoa Perrie Mans, aliyekuwa amecheza fainali ya mwaka uliotangulia, kwa 13 kwa 8. Robo fainali alikutana na Alex Higgins, bingwa wa 1972, mchezaji wa kasi ambaye ukumbi mzima ulikuwa wake. Higgins aliongoza 6 kwa 2, na ndani ya fremu hizo alipiga zamu mbili mfululizo za zaidi ya pointi 100. Griffiths hakujaribu kushindana naye kwa kasi. Aliendelea na mwendo wake ule ule wa taratibu: anaizunguka meza, anainama, anaupima mpira mweupe utakaposimama kabla hajafikiria mwekundu wa kutumbukiza, na pasipo na nafasi anaurudisha mweupe mbali, nyuma ya mpira mwingine, Higgins asiuone mwekundu wowote. Walifika 12 kwa 12. Katika fremu ya mwisho, palipokuwa hapana tena nafasi ya kusahihisha kosa, alikusanya pointi 107 kwa zamu moja. Nusu fainali dhidi ya Eddie Charlton wa Australia iliisha 19 kwa 17, saa saba na dakika arobaini usiku. Ukijumlisha mechi nne za Crucible alicheza fremu 122, akashinda 69. Bahati humpa mtu fremu moja, pengine mechi moja. Haiwezi kumbeba mtu fremu 122.

Wapo watakaosema nimechagua mifano inayonifaa, na kwamba mabingwa wengi wa ridhaa waliingia kwenye mchezo wa kulipwa wakapotea. Ni kweli kwamba taji la ridhaa halikuwa dhamana. Jimmy White alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1980 akiwa na miaka 18. Alicheza fainali 6 za dunia upande wa kulipwa na kushindwa zote. Lakini hoja yangu haisemi kwamba kila aliyesoma alifaulu. Inasema kwamba waliofaulu mapema walikuwa wamesoma. Doug Mountjoy, mtu mwingine wa Wales aliyetoka mgodini, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1976, na mapema 1977 akatwaa taji la Masters mbele ya Reardon. Spencer, Mountjoy, Griffiths: watatu ndani ya miaka kumi, kila mmoja akichukua taji kubwa akiwa bado mgeni kwenye orodha ya wanaolipwa. Jambo likitokea mara tatu kwa watu waliotoka kwenye chimbuko moja, halistahili kuitwa muujiza.

Pingamizi zito zaidi ni la wakati wetu. Stephen Hendry alianza kulipwa akiwa na miaka 16 na alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1990 akiwa na 21. Ronnie O'Sullivan naye alianza na miaka 16. Je, hawa hawakuthibitisha kwamba miaka ya ridhaa ni miaka iliyopotea? Naona walithibitisha kwamba vipaji adimu havihitaji kungoja, na hilo sina sababu ya kulipinga. Lakini utaratibu hautungwi kwa ajili ya adimu. Tangu mwaka 1991 mlango ulipofunguliwa wazi, na hata sasa ambapo kadi ya kushiriki mashindano ya kulipwa hudumu miaka miwili, vijana wengi huingia wakiwa hawajawahi kuwa mabingwa wa mahali popote, wakapigwa mechi baada ya mechi, kadi ikaisha. Wanajifunza kushindwa kabla hawajajifunza kushinda. Griffiths alikuja akiwa ameshazoea kuwa mtu wa kutafutwa, mwenye taji linalotamaniwa na wengine, na uzoefu huo haununuliwi kwa ada ya kujiunga.

Na hakuishia 1979, ingawa ni kweli hakurudia kuwa bingwa wa dunia. Alitwaa Masters mwaka 1980 na ubingwa wa Uingereza mwaka 1982 kwa kumshinda Higgins tena, 16 kwa 15. Mwaka 1988 alirudi fainali ya dunia, akafungwa na Steve Davis 18 kwa 11. Baadaye akawa mwalimu, na wanafunzi wake walikuwa mabingwa na waliokaribia ubingwa: Hendry mwenyewe, Mark Williams, Ding Junhui, Marco Fu. Mechi yake ya mwisho Crucible, mwaka 1997, ilikuwa dhidi ya Williams, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 22. Mzee wa miaka 49 alipoteza kwa fremu moja, 10 kwa 9.