wxWidgets: kuisanidi na kuikompaili kutoka msimbo chanzo

wxWidgets ni maktaba huria ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++, inayotumika kuunda kiolesura cha picha: madirisha, menyu, vitufe, orodha na visanduku vya maandishi. Programu inayoitumia huandikwa mara moja, kisha hukompailiwa kwa ajili ya Windows, Linux na macOS. Maktaba yenyewe hupatikana kwa njia mbili. Mtumiaji anaweza kuchukua kifurushi kilichokwisha kukompailiwa na watunzaji wa mfumo wake, au akachukua msimbo chanzo akausanidi na kuukompaili mwenyewe. Makala hii inahusu njia ya pili, hasa kwa matoleo ya mfululizo wa 3.2 katika Linux, pamoja na maelezo mafupi ya Windows na macOS.

## Historia

Julian Smart alianza kuiandika maktaba hii mwaka 1992 katika taasisi ya utafiti wa akili bandia, AIAI, ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alihitaji programu ya michoro, iliyoitwa Hardy, ifanye kazi katika kompyuta za Sun zenye Unix na vilevile katika kompyuta za kawaida zenye Windows. Toleo la mwanzo lilitegemea XView upande wa Unix na MFC upande wa Windows, nalo liliitwa wxWindows. Baadaye Robert Roebling aliandika tawi linalotumia GTK, ambalo ndilo msingi wa wxWidgets katika Linux hadi leo. Stefan Csomor alishughulikia tawi la Mac, Vadim Zeitlin akawa miongoni mwa watunzaji wakuu, na Robin Dunn akaunda wxPython kwa watumiaji wa lugha ya Python. Mwaka 2004 jina lilibadilishwa kuwa wxWidgets kufuatia ombi la kampuni ya Microsoft, mmiliki wa alama ya biashara ya Windows.

Toleo 2.8 lilitoka Desemba 2006, toleo 3.0 Novemba 2013, na toleo 3.2 Julai 2022. Katika utaratibu wa mradi huu, namba ya pili ikiwa shufwa, toleo ni imara; ikiwa witiri, kama 2.9 au 3.1, toleo ni la maendeleo na huweza kubadilika bila kuzingatia programu zilizolitegemea.

Miongoni mwa programu zinazojulikana zilizojengwa juu ya wxWidgets ni FileZilla ya kuhamisha faili, KiCad ya kuchora sakiti za elektroniki, Code::Blocks ya waandishi wa programu, Poedit ya watafsiri, na matoleo ya 2 na 3 ya Audacity, programu ya kuhariri sauti.

## Muundo wa maktaba

wxWidgets haichori vitufe vyake yenyewe. Katika kila mfumo huagiza vitufe vya mfumo huo: Windows hutoa vyake kupitia Win32, Linux kupitia GTK, na macOS kupitia Cocoa. Kwa hiyo msimbo chanzo mmoja huzaa maktaba tofauti kabisa, zinazoitwa wxMSW, wxGTK na wxOSX. Hata katika mfumo mmoja, chaguo zilizotolewa wakati wa kusanidi hubadilisha umbo la maktaba. Hakuna wxWidgets moja ambayo kila mtu anayo. Ipo ile iliyosanidiwa hivi na ile iliyosanidiwa vile, na programu iliyokompailiwa kwa kutegemea moja haiwezi kutumainiwa kufanya kazi na nyingine.

Kwa kawaida maktaba hugawanywa katika vipande. Kipande cha base hakihusiani na picha: kina mishororo ya herufi, faili, tarehe na nyuzi za utekelezaji. Kipande cha core kina madirisha na vidhibiti vya kawaida. Vingine ni net kwa mtandao, xml, html, gl kwa michoro ya OpenGL, aui kwa paneli zinazohamishika, stc kwa uhariri wa msimbo, na webview kwa kuonyesha kurasa za wavuti. Majina ya faili hubeba habari ya usanidi. Kwa mfano, libwx_gtk3u_core-3.2.so ni kipande cha core kilichojengwa juu ya GTK 3, chenye Unicode, cha mfululizo wa 3.2.

## Sababu za kukompaili

Kwa mtumiaji wa kawaida kifurushi cha mfumo kinatosha. Kukompaili kunahitajika katika hali chache zinazoeleweka.

Ya kwanza ni umri wa kifurushi. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022, miezi mitatu kabla ya wxWidgets 3.2, hivyo hazina yake ya vifurushi ilibaki na mfululizo wa 3.0. Anayehitaji 3.2 katika mfumo huo hana budi kuijenga au kuichukua nje ya hazina. Ya pili ni marekebisho: waandishi wa Audacity, kwa mfano, waliwahi kutunza nakala yao ya wxWidgets yenye mabadiliko ambayo hayamo katika msimbo wa asili. Ya tatu ni usambazaji. Mtu anayetaka kutoa programu kama faili moja isiyotegemea maktaba za nje huhitaji wxWidgets tuli, ambayo haipatikani katika hazina nyingi za Linux. Ya nne ni utafutaji wa hitilafu, ambao hurahisishwa na maktaba iliyokompailiwa ikiwa na taarifa za udodosaji.

## Mahitaji

Katika Linux zinahitajika kompaila ya C++, programu ya make, pkg-config, na faili za maendeleo za GTK. Maktaba ya GTK inayoendesha dawati la kompyuta haitoshi, kwa kuwa haina faili za heda. Katika Debian na Ubuntu vifurushi vya msingi ni build-essential na libgtk-3-dev. Katika Fedora faili za GTK zimo katika gtk3-devel. Anayetaka kipande cha webview aongeze faili za maendeleo za WebKitGTK, na anayetaka gl aongeze zile za OpenGL.

wxWidgets hutumia pia maktaba ndogo kama zlib, libpng, libjpeg, libtiff na expat. Zikiwapo katika mfumo, hutumika hizo. Zisipokuwapo, hutumika nakala zilizomo ndani ya msimbo chanzo. Anayepakua msimbo kwa Git anapaswa kukumbuka kuwa nakala hizo ni hazina ndogo zinazojitegemea, na hazishuki bila chaguo hili:

git clone --recurse-submodules https://github.com/wxWidgets/wxWidgets.git

Kifurushi rasmi cha toleo, kilichobanwa kama tar.bz2, huwa tayari na kila kitu. Hazina ya Git nayo huleta tawi la maendeleo, hivyo anayetaka toleo imara achague lebo ya toleo hilo kabla ya kuanza.

## Kusanidi

Kusanidi hufanywa na skripti iitwayo configure. Huchunguza kompaila, hutafuta maktaba zilizopo, hupokea chaguo za mtumiaji, kisha huandika Makefile na faili ya setup.h inayorekodi vipengele vilivyowashwa na vilivyozimwa. Inashauriwa kuiendesha katika saraka ya pembeni, ili msimbo chanzo ubaki safi na usanidi zaidi ya mmoja uweze kuishi katika mti mmoja:

mkdir build-gtk
cd build-gtk
../configure --with-gtk=3 --prefix=/opt/wx32

Chaguo zinazotumika zaidi ni hizi:

- --prefix huamua mahali pa kusakinisha. Isipotajwa, maktaba huingia /usr/local.
- --with-gtk=3 au --with-gtk=2 huchagua toleo la GTK.
- --disable-shared hutoa maktaba tuli zenye kiendelezi cha .a badala ya .so.
- --enable-monolithic huunganisha vipande karibu vyote kuwa faili moja kubwa.
- --enable-debug huongeza taarifa za udodosaji. Maktaba huwa kubwa zaidi, na ujenzi unaweza kuchukua mamia ya megabaiti ya diski.
- --with-libpng=builtin hulazimisha nakala ya ndani itumike, na --with-libpng=sys hulazimisha ya mfumo. Chaguo kama hizi zipo pia kwa zlib, libjpeg, libtiff na expat.
- --disable-gui hujenga base pekee, kwa programu za seva zisizo na dirisha.

Unicode ilikuwa chaguo la hiari katika mfululizo wa 2.8, na hapo kukawa na maktaba za aina mbili zisizochanganyika. Tangu 3.0 Unicode ndiyo kawaida. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakikuathirika na ukosefu wake, kwani hakina alama za ziada. Lakini dirisha lenye Kiswahili cha hati ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kichina lisingeonyeshwa sawasawa bila Unicode.

Mwishoni configure huchapisha muhtasari: toleo la GTK lililopatikana, kama maktaba ni ya pamoja au tuli, utangamano na matoleo ya zamani, na chanzo cha kila maktaba ndogo. Muhtasari huu usomwe kabla ya kuendelea. Baadhi ya vipengele, webview kikiwa kimoja, huzimwa kwa onyo tu pale faili zake zinapokosekana. Onyo hilo likipita bila kuonwa, upungufu hugunduliwa baada ya kazi yote kwisha.

## Kukompaili na kusakinisha

Hatua zinazofuata ni tatu:

make -j4
sudo make install
sudo ldconfig

Namba baada ya -j ni idadi ya kazi zinazofanywa kwa pamoja. Kwa kawaida hulingana na idadi ya viini vya prosesa, ila katika kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ni salama kuipunguza. Amri ya ldconfig huujulisha mfumo kuhusu maktaba mpya. Iwapo maktaba zimewekwa katika saraka isiyo ya kawaida, kama /opt/wx32, anwani yake iongezwe katika usanidi wa ldconfig au katika LD_LIBRARY_PATH.

Jaribio rahisi la ufanisi ni kuingia samples/minimal ndani ya saraka ya ujenzi, kuendesha make, kisha ./minimal. Dirisha dogo lenye menyu likifunguka, maktaba iko sawa. Kuiondoa hufanywa kwa make uninstall kutoka saraka ileile, kwa hiyo si busara kuifuta saraka hiyo mapema.

Programu inayotegemea maktaba hii hupata anwani na bendera zake kupitia skripti ya wx-config:

g++ programu.cpp $(wx-config --cxxflags --libs) -o programu

Kompyuta yenye wxWidgets zaidi ya moja hutumia wx-config --list kuonyesha zilizopo. Njia ya uhakika zaidi ni kuiita skripti kwa anwani yake kamili, kama /opt/wx32/bin/wx-config.

## Windows na macOS

Katika Windows skripti ya configure haihitajiki. Faili za ujenzi zimo katika saraka ya build\msw. Mtumiaji wa Visual C++ hufungua faili ya .sln inayolingana na toleo lake, au huendesha:

nmake /f makefile.vc BUILD=release SHARED=1 TARGET_CPU=X64

Mtumiaji wa MinGW huendesha mingw32-make -f makefile.gcc. Vipengele huwashwa na kuzimwa kwa kuhariri include\wx\msw\setup.h, ambamo kila kimoja kina mstari wake wenye jina linaloanza na wxUSE_. Hapa herufi d katika jina la faili ni muhimu: wxmsw32ud_core.lib ni ya udodosaji, na wxmsw32u_core.lib ni ya kutolewa kwa watumiaji. Visual C++ haikubali kuchanganya hizi mbili katika programu moja.

Katika macOS configure hutumika kama katika Linux baada ya kusakinisha zana za Xcode. Chaguo la --enable-universal_binary=x86_64,arm64 hutoa maktaba inayofanya kazi katika Mac za Intel na za Apple Silicon.

Mifumo yote mitatu inaweza pia kutumia CMake, ambapo chaguo kama wxBUILD_SHARED na wxBUILD_MONOLITHIC huchukua nafasi ya zile za configure.

## Makosa ya kawaida

Configure ikisimama na kudai haikuona GTK, mara nyingi kinachokosekana ni faili za maendeleo au pkg-config. Maelezo kamili huandikwa katika config.log, na sababu halisi hupatikana juu ya mistari ya mwisho.

Programu ikikompailiwa vizuri lakini ikakataa kuanza kwa madai kuwa faili ya .so haipo, kinachohitajika ni ldconfig au LD_LIBRARY_PATH. Hakuna haja ya kujenga upya.

Kosa zito zaidi ni kutolingana. Programu inapoanza, wxWidgets hulinganisha usanidi uliotumika kuikompaili programu na ule wa maktaba yenyewe: namba ya toleo, toleo la ABI la kompaila, na matumizi ya vyombo vya STL. Ukitofautiana, programu husimamishwa kwa ujumbe wa kutolingana. Chanzo huwa heda za usanidi mmoja zilizotumika pamoja na maktaba za mwingine, jambo linalotokea kwa urahisi pale kifurushi cha mfumo na maktaba iliyojengwa nyumbani vinapoishi pamoja. Tiba ni kufuta faili zote za kati za programu na kuikompaili upya kwa wx-config moja tu.

## Leseni

wxWidgets hutolewa chini ya leseni yake iitwayo wxWindows Library Licence. Ni LGPL iliyoongezewa ruhusa maalumu: mwandishi anaweza kusambaza programu iliyokompailiwa kwa masharti yake mwenyewe, hata ikiwa imeunganishwa na maktaba tuli, bila kulazimika kutoa msimbo chanzo wa programu hiyo. Kwa hiyo uamuzi kati ya maktaba tuli na ya pamoja, kwa upande wa wxWidgets yenyewe, ni wa kiufundi tu. Leseni za maktaba nyingine zinazounganishwa nayo, GTK ikiwamo, hubaki na masharti yake na hufaa kusomwa kabla ya programu kusambazwa.