Adui Aliye Ndani ya Seli

Wazee walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na virusi ni adui wa namna hiyo. Havikai nje vikangoja kukamatwa, bali huingia ndani ya seli za mwili, vikazitumikisha zitengeneze virusi vingine. Askari wa mwili hawawezi kuipasua kila seli ili kutazama yaliyomo. Basi hujuaje kwamba ndani mna adui?

Mwanzo wa jawabu ulipatikana Canberra, mji mkuu wa Australia. Huko, katika miaka ya 1973 na 1974, Peter Doherty, tabibu wa wanyama, na Rolf Zinkernagel, tabibu kutoka Uswisi, walikuwa wakichunguza panya walioambukizwa virusi viletavyo uvimbe wa utando wa ubongo. Waliona ajabu. Askari waitwao seli T, waliotoka kwa panya mgonjwa, waliziua seli zenye virusi za panya wa ukoo wao. Lakini seli za ukoo mwingine, zenye virusi vile vile, hawakuzidhuru. Ikabainika kwamba askari hutazama mambo mawili kwa pamoja: alama ya ukoo na alama ya adui. Kwa ugunduzi huo, mabwana hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Lakini alama ya adui ni kitu gani? Mwaka 1986 Alain Townsend na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kuwa ni kipande kifupi tu cha protini ya kirusi. Mwaka uliofuata Pamela Bjorkman na wenzake, huko Marekani, walidhihirisha umbo la molekuli iliyo alama ya ukoo, wakaona juu yake mfereji mwembamba uwezao kukishika kipande hicho. Hivyo seli ni kama mwenye duka awekaye mlangoni sampuli ya bidhaa zake. Askari apitaye hutazama, na akiona kitu kigeni hushambulia.

Hapo likazuka fumbo jingine. Protini hutengenezwa kwa kuusoma ujumbe wa kemikali ulioandikwa kwa maneno ya herufi tatu tatu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu walijua kwamba usomaji huanzia kwenye neno AUG, liletalo asidi amino iitwayo methionini. Sehemu isiyotanguliwa na neno hilo ilidhaniwa kuwa bubu. Lakini Nilabh Shastri na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, walikuta seli T zikivitambua vipande vilivyotoka katika sehemu hizo hizo, usomaji wake ukianzia kwenye neno CUG.

Je, seli ilikuwa imeidhania CUG kuwa AUG? La. Kama ingekuwa hivyo, kipande kingeanza kwa methionini. Nacho kilianza kwa leusini, asidi amino ya CUG yenyewe. Mwaka 2012 Shelley Starck, Shastri na wenzao walionyesha kwamba mchukuzi wa leusini aweza kuuanzisha usomaji huo.

Leo wataalamu huvitafuta vipande vya namna hiyo hata katika seli za saratani, wakitumaini kuwaonyesha askari mahali pa kupiga. Tujifunze basi kwamba kanuni ya elimu ni taa, wala si ukuta. Aliyekiona kisichopatana nayo, naye asikitupe upesi kama takataka, huenda ameshika ufunguo.