Pua za Manamba

Historia ya mkonge wa Tanga huanzia kwa Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mwaka 1893 ilipandwa 62 tu iliyofika hai, huko Kikogwe karibu na Pangani. Kisha wasimulizi hurukia mwaka 1964, nchi ilipovuna takribani tani 230,000 na kuongoza duniani. Tani zimehesabiwa vizuri. Mimi, tabibu niliyezaliwa kambini Muheza, huwa nauliza habari za pua.

Babu yangu, Muha wa Kasulu, aliletwa Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, akawekwa kwenye brashi. Kule korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, majani husagwa kwa maji, kunanuka lakini vumbi ni kidogo. Singa zikishaanikwa zikakauka ndipo huja brashi: mtu hushika fungu upande mmoja, huliingiza kwenye ngoma ya chuma inayozunguka kwa kasi, kisha huligeuza. Vinyuzi na unga mkavu wa majani hujaa hewani. Bibi alisema mumewe akirudi jioni nyusi zilikuwa nyeupe, na chafya zilimwandama mpaka usiku. Kinga yake ilikuwa kitambaa alichojifunga puani.

Kambini waliita mafua. Yakizidi, kipanda uso. Lakini mafua ya kawaida hayakai miezi. Pua iliyoziba, makamasi mazito yakiteremka kooni, uso kuuma akiinama, hata harufu ya samaki wa kukaanga asiisikie: leo ningeandika uvimbe wa sainasi, yale matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya paji na mashavu. Utando wake una vinyweleo vinavyosukuma ute kuelekea puani. Vumbi likiukera, utando huvimba, njia huziba, ute hutuama, na bakteria wakishapata makazi hapo hutunga usaha. La shavuni ndilo sumbufu zaidi, kwa sababu mlango wake uko juu. Mtu akisimama haliwezi kujimwaga lenyewe. Virusi vya mafua, mzio na hata jino bovu la juu huleta balaa hilohilo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila pua ya kambini iliharibiwa na brashi.

Ila Babu hakuweza kupumzika ili ajue. Kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja kadi ijae. Bibi alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, akapata nafuu ya usiku mmoja, alfajiri akarudi vumbini. Zahanati ya shamba ilimpa vidonge vya kichwa.

Mwaka 2008, zaidi ya karne moja baada ya miche ya Kikogwe, watafiti wa Tanzania na Norway walichapisha matokeo ya vipimo vya wafanyakazi wa viwanda vya mkonge hapa nchini: wengi walikuwa na kingamwili za mzio dhidi ya mkonge. Bibi angewaambia bure.

Nawe uliye kwenye brashi leo, dai barakoa ya vumbi, si kitambaa. Pua ikisumbua zaidi ya wiki 12, huo ni ugonjwa sugu, nenda hospitali. Jicho likivimba au homa ikipanda, usingoje hata kesho. Na ukifika, taja kazi yako mwenyewe, maana matabibu wengi hatuulizi.