Mwanamke wa Visiwani na Maji: Kutoka Magotini hadi Kwenye Kina

Msimu wa harusi umeingia, na maharusi wengi wanatuuliza habari za nguo za kuogelea zenye stara kwa ajili ya fungate. Kabla hatujafika kwenye nguo, tuzungumze historia kidogo. Sisi ni watu wa kisiwa, maji yametuzunguka pande zote, lakini wengi wetu tumekua tukiyajua maji ya magotini tu. Imekuwaje?

Bibi zetu hawakuwa wageni wa bahari. Hata Mwaka Kogwa wa Makunduchi umebeba neno la kuoga ndani ya jina lake. Pwani zote za Unguja na Pemba wanawake walishuka maji yakitoka: kuokota chaza na kombe, kuchokoa pweza mwambani, kutega dagaa wawili wawili kwa kitambaa chepesi. Saa yao ilikuwa mwezi. Walijua bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na mosi na kumi na tano kwa hesabu yetu ya Kiislamu. Siku hizo maji hutoka mbali sana, na hurudi kwa nguvu. Walijua kupwa na kujaa huachana kwa saa kama 6, na kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Anayebaki mwambani akimtamani pweza mmoja zaidi, maji humzunguka kwa nyuma.

Hiyo ni elimu kamili, ingawa haina cheti. Lakini ni elimu ya kutoka majini mapema. Kukaa juu ya maji waliachiwa watoto wa kiume, wanaoruka ukutani pale Forodhani mpaka leo. Msichana akishabaleghe huambiwa akae, kwa sababu nguo ikilowa humganda mwilini na pwani pamejaa wanaume.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wengi wakaacha, wanawake wakabaki. Vijiti chini, kamba katikati, mwani umefungwa mmoja mmoja, na baada ya wiki kama 6 unavunwa. Kwa fedha hizo mama zetu wamenunua sare za skuli, mabati na vitanda vya maharusi. Ila bahari imezidi joto. Mwani wa bei nzuri, ule tunaouita kotonii, umekuwa ukifa kwenye maji mafupi. Ili uishi unataka kina, na kina kinamtaka mtu anayejua kuogelea. Hapo ndipo ile mila ya kukaa pwani ilipoanza kutugharimu riziki.

Imetugharimu na roho pia. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu 645, na ilibeba wengi kuliko hao, familia nyingi zikirudi makwao baada ya Idi. Miongoni mwa waliookoka wapo walioelea kwa kushikilia magodoro. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe, siku chache kabla ya Ramadhani. Tunawaombea marehemu wote, Allah awaandike mashahidi. Tusidanganyane: kuogelea peke yake hakumwokoi kila mtu usiku katikati ya mkondo, na chombo kilichojazwa kupita kiasi ni kosa la aliyekijaza. Lakini anayejua kuelea ana dakika za ziada, na dakika hizo ndizo zinazomkutisha na muokozi.

Sasa nguo. Mwaka 2004, Australia, Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon, alibuni vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, akaliita Burkini. Mwaka 2007 Mecca Laalaa, binti wa Kiislamu, alivaa vazi hilo kwa rangi nyekundu na manjano akiwa muokozi wa ufukweni huko Sydney. Aliyestirika ndiye aliyekuwa akilinda wengine.

Na hapa kwetu, Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na mwaka 2018 picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo. Wasichana wamelala juu ya maji, wamestirika, wametulia. Wazee waliohofia stara walijibiwa kwa mshono.

Kwa hiyo bibi harusi, ukija kushona au kununua, usitazame rangi kwanza. Kitambaa kiwe cha kuvutika chenye nailoni. Pamba na buibui vikinywa maji huwa mzigo miguuni. Blauzi iwe na kamba ya kuifunga kwenye suruali, isipande juu ukiingia majini. Kilemba kishonewe pamoja na vazi, kisikulegeze shingo wala kukuziba uso. Usiingie na mtandio wala pini.

Mkienda Mnemba kutazama matumbawe, vaa jaketi la kuokolea tangu pwani, lifungwe mpaka likubane, na mwambie bwana harusi naye avae. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama mmeshalipa. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao: lala chali, vuta pumzi, kisha kata kwa ubavu sambamba na pwani mpaka ukutoe. Na kabla ya safari, muulize mama wa mwani maji yanajaa saa ngapi. Yeye anajua.

Tawakkul ni baada ya kufunga kamba za jaketi. Tumefundishwa ushoni, upishi na singo kabla ya kuolewa. Tuwafundishe na binti zetu kuelea. Allah atujaalie safari za salama na ndoa zenye baraka. Aamin.