Hima, Tarishi, Hima

Katika karne ya 16, barua ya serikali ya Uingereza ilikunjwa, ikapigwa lakiri, na mgongoni ikaandikwa "Haste, post, haste", yaani hima, tarishi, hima. Ya dharura zaidi iliongezwa onyo kwamba mbebaji akizembea roho yake iko hatarini. Nyingine zilichorwa mti wa kunyongea, kitanzi kikining'inia. Asiyejua kusoma naye aliuelewa mchoro ule.

Amri hiyo ndiyo iliyozaa kielezi cha Kiingereza posthaste, yaani kwa haraka kubwa. Wanafunzi wangu wakikutana na neno hili hudhani "post" ni ile ya "baada ya", wakabaki wanashangaa haraka gani hiyo inayokuja baadaye. Silikaririshi. Nachora ubaoni barua, lakiri na kitanzi, kisha nawaeleza kwamba "post" hii ni posta, jina la Kiitaliano la kituo kilichowekwa njiani ili farasi aliyechoka abadilishwe. Kila kituo, msimamizi aliandika juu ya barua saa ilipomfikia, na aliyechelewesha akajulikana. Darasa likishauona mti ule, neno halisahauliki.

Ila farasi walitoka wapi? Mfalme Henry VIII alimkabidhi Brian Tuke kazi ya posta, na mwaka 1533 Tuke alimlalamikia Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, kwamba nje ya njia chache kuu hakukuwa na farasi waliowekwa tayari. Ilibidi wafunguliwe kwenye plau na mikokoteni. Mimi ni mtoto wa mkulima, na hapo moyo wangu huwa kwa yule aliyeachwa katikati ya shamba, mtaro haujafika mwisho, kwa sababu ya barua isiyomhusu.

Mpanda farasi naye aliumia. Malkia Elizabeth I alipofariki tarehe 24 Machi 1603, Robert Carey, mtu wa ikulu aliyekwisha kupanga farasi wa kubadilisha njiani, aliondoka London asubuhi hiyohiyo ya Alhamisi kupeleka habari Uskoti. Usiku alilala Doncaster. Jumamosi, karibu na Norham, alianguka, na farasi akampiga teke kichwani. Alitokwa damu nyingi, akapanda tena, sasa kwa mwendo wa taratibu. Usiku huo aliingia Edinburgh, karibu maili 400 kutoka alikoanzia. Mfalme James wa Uskoti alikuwa amekwisha kulala. Carey alipelekwa hadi chumbani, akapiga magoti, akamsalimu kama mfalme wa Uingereza.